Boti ya Watu Waoga

Makwasinyi, Kasigau
Jumapili, 3 Novemba 2024

Shanice mwanangu,

Wewe ndiye ulisema tuandikiane, kwa sababu kwa simu mimi nalia na wewe unakata, ama mimi nakata na wewe unalia, tangu ile siku ya Oktoba uliponiambia habari ya boti, sikumbuki tena nani alianza. Sawa, naandika. Nimenunua kitabu cha mazoezi kwa duka la Nthenya, cha kurasa arobaini na nane, akaniuliza nimerudi shule. Nilifika darasa la nne tu, unajua, kwa hivyo mahali nimekosea pita haraka. Crispus ataipeleka Voi na pikapu Jumanne, aipe watu wa basi, na wewe utaichukua hapo Kilifi panapochukuliwa mizigo.

Sasa nikuulize polepole, maana kwa karatasi siwezi kupiga kelele. Hiyo boti umenunua ni ya nini? Ulisema iko na miaka hamsini. Mimi niko na hamsini na mbili na magoti yangu unayajua. Ulisema ni ya tanga. Ulisema wenyewe waliiacha hapo miaka saba bila hata kuja kuiangalia, na bei yake ni kama ya ng'ombe watatu. Kitu kikubwa hivyo kwa ng'ombe watatu kina shida gani ambayo hukuniambia?

Na kuna neno moja ulisema limekaa na mimi wiki mbili. Ulisema chini yake iko na risasi, yale madini mazito ya kuyeyusha, kilo elfu moja na zaidi. Mwanangu, toa. Hapa kwetu sufuria ikianguka ndani ya tangi inaenda chini, na hiyo ni sufuria. Mwambie huyo fundi wenu Thadeus aitoe hiyo risasi yote, boti ibaki nyepesi ielee. Huo ndio ushauri wa mamako na sitaki jibu.

Kanisani wamesikia. Mama wa kwaya ananiambia, binti ya Noah amepata safina, sasa sisi tujipange na wanyama gani. Nilicheka pamoja nao. Nilipofika nyumbani sikucheka tena. Mchana nilisinzia na mkonge mapajani, nikaota mlima wetu umegeuka juu chini, unaelea, na ule ukungu wote ni maji. Nyumba yetu iko ndani, kuku wako ndani, na mimi naita mtu ashike usukani, na hakuna mtu. Nilipoamka uzi wa mkonge ulikuwa umenikaza kidole mpaka kimekuwa cha samawati.

Usifikirie nimekasirika. Sijakasirika.

Mamako,
Wakesho

*

Kilifi
Jumanne, 12 Novemba 2024

Mama,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa ndani ya boti yenyewe, kwa sauti, kwa hivyo na yenyewe imesikia maoni yako.

Risasi siwezi kuitoa. Ngoja nikueleze, na usirushe karatasi.

Ni boti ya futi ishirini na saba. Ni nyembamba, pande zake ziko chini karibu na maji, mlingoti wake mfupi. Ndani siwezi kusimama wima. Nina alama tatu kwa paji la uso, zote za mlango. Kuna vitanda viwili, jiko la moto mmoja, na rafu zenye ukingo ili vikombe visitembee. Injini ilikufa zamani. Ndiyo maana ilikuwa rahisi. Watu siku hizi wanataka boti pana, za mbio, za kuweka friji na kualika marafiki. Hii haikimbii. Thadeus anasema inatembea kama mama mjamzito anayeenda kliniki, hata umpigie honi.

Ilitengenezwa 1974. Wakati huo faiba, hizi nyuzi za kioo tunazogandisha na dawa, ilikuwa kitu kigeni, hakuna mtu aliyejua itadumu miaka mingapi. Wale mafundi waliogopa, mama. Mahali pa kuweka tabaka nne wakaweka kumi, halafu wakarudi wakaongeza. Nilipotoboa tundu la bomba nilikuta unene unaopita kidole changu cha gumba. Kule Voi tulipokuwa tunatengeneza matangi, tajiri angetufukuza kwa kumaliza dawa hivyo. Leo watu wamejua hesabu, wanaweka kidogo. Kwa hivyo hii ni boti ya watu waoga, na ndiyo maana niliipenda siku ya kwanza. Nililelewa na mmoja wao.

Shida uliyouliza ni hii hapa: ngozi yake ya chini ilikuwa na malengelenge kama ya mtu aliyeungua, kwa kukaa majini miaka mingi. Nimeyakwangua moja moja miezi mitatu, nikayakausha, nikayajaza. Sasa ni laini kama bakuli.

Na chini kabisa kuna mkuku. Ni kama uti wa mgongo: unaanzia mbele, unateremka polepole mpaka nyuma, na usukani umejificha nyuma yake usigongwe na kitu. Boti mpya zina kama bawa limefungwa na bolti. Huu ni kitu kimoja na mwili. Ndani yake ndimo imelala ile risasi; watu wa bahari wanaiita farumi. Karibu nusu ya uzito wote wa boti uko pale. Haikuwekwa ili izame. Imewekwa ili upepo ukiilaza boti, ikumbuke pa kurudi.

Unakumbuka kile kibuyu baba alinitengenezea? Kidogo kama ngumi, chini alimwaga nta na changarawe. Nilikuwa nakilaza, kinaamka. Nikalia nikidhani kina pepo, na baba akacheka mpaka akakaa chini. Ni hicho, mama, kwa futi ishirini na saba.

Mwezi wa pili, upepo wa kaskazi ukishakaa sawa, mimi na Thadeus tutaipeleka Shimoni. Ni siku mbili, tunalala Mtwapa. Kuna mama pale mwenye nyumba za wageni, anataka boti tulivu ya kutembeza wazee wasiopenda mbio. Nitakuwa na kazi yangu mwenyewe.

Ninaomba kitu kimoja. Unitasie. Thadeus ni mtu wa Rabai, alikuwa hajui, nikamwambia: kwetu mzazi hakuachi uende safari akiwa na hasira moyoni, hata ile aliyoificha, kwa sababu itakufuata. Anachukua maji mdomoni, anayapuliza, anataja amani, na hasira inatoka na maji. Akaniuliza, na asipofanya? Nikamwambia, mamangu atafanya. Alimtasia baba alipokuwa anaenda Mombasa, na mimi nitafanyiwa vilevile.

Wako,
Shanice

*

Makwasinyi
Jumapili, 24 Novemba 2024

Mwanangu,

Nimekipata. Kilikuwa juu ya dari pamoja na viatu vya babako. Mende walikuwa wamekula kamba lakini nta iko palepale. Nimekiweka kwa beseni la kuogea, nikakisukuma na kidole. Kikalala, kikainuka. Nikakisukuma tena. Nilikuwa na kikapu cha kumaliza, watu wa oda wanangoja, na mimi niko kwa beseni mchana mzima kama mtoto. Jua likaingia ndani ya maji likaanza kucheza ukutani, ukuta wote ukatembea, nikasema labda ndivyo inakuwa mtu akilala ndani ya hiyo boti yako. Nikashikwa na usingizi wa macho wazi. Mbuzi akala kitenge.

Halafu nikafikiria kikapu. Sisi tunaanza na kitako. Kitako tunakaza mpaka vidole vinauma, tukipanda juu ndiyo tunalegeza mkono kidogo. Kikapu cha kitako legevu hakisimami, hata ukiweka maua ya mkonge mazuri namna gani. Sikuwa nimewahi kujiuliza kwa nini. Basi risasi iache. Nimeondoa ushauri wangu wa kwanza.

Lakini niambie haya. Choo kiko wapi? Mkilala Mtwapa, nani analinda? Huyo Thadeus ana mke? Mvua ikinyesha mnafunga mlango, na mkifunga mnapumua na nini? Kuogelea unajua kweli, ama ni kule kwa bwawa la ng'ombe, mahali maji yalikufika magoti?

Mvua ya vuli imeanza. Ndovu walivunja bomba la kutoka mlimani wiki jana, wakanywa, wakaenda, hata hawakufunga. Lakini tangi inajaa kwa gata ya paa. Nasikia maji yakiingia, nakaa tu nasikiliza.

Hiyo mambo ya kutasa tutaona. Mchungaji wetu mpya hapendi.

Mamako,
Wakesho

*

Kilifi
Jumatatu, 9 Desemba 2024

Mama,

Choo ni ndoo yenye kifuniko, usimwambie mama wa kwaya. Thadeus ana mke na wajukuu wanne, na mke wake ameniuliza maswali yaleyale yako. Kuogelea najua, nilifundishwa hapa, naogelea mpaka ng'ambo na kurudi kabla ya chai. Hewa inaingia kwa kidirisha cha juu hata mvua ikinyesha, kimeelekezwa nyuma.

Jana tumeirudisha majini. Ilikaa juu ya magogo mwaka mzima kwa mkuku wake, wima, bila kuegemea kitu kikubwa. Ilipogusa maji ilishuka polepole, ikafika kwenye mstari niliopaka, ikasimama hapo kama mtu aliyepata kiti chake. Nililala ndani mchana baada ya kazi. Haichezi kama zile nyingine. Inavuta pumzi tu.

Tunaondoka Jumamosi tarehe nane Februari.

Mama, nilikuuliza jambo moja ukanijibu mia. Mchungaji wa zamani pia hakupenda, na ulifanya. Kama una kinyongo na mimi, sema. Nitaelewa. Lakini usiniambie tutaona.

Shanice

*

Makwasinyi
Jumapili, 5 Januari 2025

Kwa mpendwa Shanice,

Natumaini u mzima. Sisi wazima. Krismasi ilikuwa nzuri, tulikula pamoja na watu wa kwaya, tulikukosa.

Crispus anakuletea na hii barua chupa moja ya maji ya mlimani. Nimeifunga na mkonge isivunjike. Nimetasa asubuhi, nimepuliza ndani yake, nimetaja jina lako na amani. Mwaga mbele ya boti kabla ya kwenda popote.

Moyoni sina kitu. Safari njema.

Mama yako mpendwa,
Wakesho

*

Kilifi
Ijumaa, 17 Januari 2025

Mama,

Chupa imefika salama. Asante sana. Leo tumetoka nje ya mlango wa bahari mara ya kwanza kuijaribu na matanga yote, na kabla ya kutoka nimemwaga yale maji yako mbele kama ulivyosema.

Imetembea vizuri. Kila kitu kiko sawa. Thadeus anakusalimu, leo amenyamaza, nadhani ni jua.

Shanice

*

Makwasinyi
Jumapili, 19 Januari 2025

Shanice mama,

Kama hii barua imekufikia kabla hujamwaga yale maji, usimwage. Yaweke chini mahali hakuna mtu anapita. Kama umeshamwaga, osha boti. Sijui inaoshwa na nini. Osha tu. Nimejaribu kupanda kwa lile jiwe la netiweki tangu jana, simu yako imefungwa.

Nimekudanganya. Ile barua niliandika kama ya shule, na wewe si mjinga, najua uliona. Siku ile nilichukua maji mdomoni nikapuliza, mdomo ukasema Shanice aende salama. Moyo ukasema, hiyo boti ipasuke kabla hajaipanda. Vyote kwa wakati mmoja. Maji yakaingia kwa chupa na vyote viwili ndani. Nikafunga kifuniko haraka, kama ninafungia nyoka.

Sasa nikuambie lingine, maana nikianza nimeanza.

Babako sikumtasia.

Wewe ulikuwa na miaka minane. Alikuwa ametafutiwa kazi Mombasa ya kutengeneza boti za faiba, kwa sababu ya ule ujuzi wake wa matangi. Nyumba nzima ilikuwa bahari, bahari, anakula anasema bahari. Na mvua ilikuwa inakuja na gata haijawekwa. Tangi jipya limekaa hapo, mdomo wazi, na gata iko chini kwa nyasi. Nikamwambia, weka gata kwanza halafu uende. Akasema nitarudi mwisho wa mwezi niweke. Asubuhi akasimama kwa mlango na mkoba, akangoja. Wewe ulikuwa umelala. Mimi nikachota maji na kikombe, nikaweka mdomoni. Akafunga macho. Tulisimama hivyo, mimi namwangalia na yeye amefunga macho, na mimi maji yako mdomoni na hasira iko hapa kooni.

Nikameza.

Nilimeza yale maji, Shanice. Akafungua macho, akaona, akacheka kidogo, akasema, basi utanitasia nikirudi. Akaenda. Siku ya nne mvua ikanyesha, maji yote yakatoka kwa bati yakaenda na udongo, na mimi nikasimama hapo nikasema maneno mabaya juu yake. Wiki ya tatu wakaleta habari ya homa. Unajua alirudi namna gani.

Wewe ukaniuliza siku ya mazishi, mama ulimtasia? Nikasema ndiyo. Mtoto wa miaka minane anauliza, utasema nini. Tangu hapo nimesema ndiyo miaka kumi na minane.

Kwa hivyo si maji ya bahari naogopa. Najiogopa mimi mwenyewe. Nilipokuwa nasoma habari ya wale mafundi waliweka tabaka kumi kwa uoga, nilisema, watu hao nawajua. Lakini wao uoga wao waliuweka kwa boti. Mimi wangu nimeuweka kwa watu wangu.

Nikikasirika na wewe, namwona yeye kwa mlango.

Crispus amekubali kwenda Voi leo, si siku yake. Nisamehe.

Mamako

*

Kilifi
Jumanne, 28 Januari 2025

Mama,

Nimeisoma mara nyingi. Sikukujibu haraka kwa sababu sikutaka kukujibu nikiwa nalia, karatasi ya hapa ni nyepesi.

Umeniambia kweli, na mimi nikuambie. Siku ile ya tarehe kumi na saba kila kitu hakikuwa sawa.

Tulikuwa tumepita mlango, bahari ya kijani, upepo mzuri, mimi kwa usukani nikijisikia kama ninaota. Kukawa na wingu moja dogo, hata halikuonekana la maana. Upepo wake ukatupiga kwa ubavu kabla hatujapunguza tanga. Boti ikalala. Si kuinama, mama, kulala. Dirisha la chini likaingia majini, nikaona kijani ndani ya chumba changu. Tanga likagusa maji. Thadeus alikuwa ananing'inia kwa kamba na sikusikia alichosema, nilimwona tu mdomo. Nikafikiria, sasa mama ataambiwa na nani.

Halafu kukawa kimya. Ndivyo ninavyokumbuka. Na chini, kwa miguu yangu, nikasikia kitu kizito kinajivuta. Kama mtu mnene akigeuka kitandani. Ikaanza kuinuka. Haikuharakisha. Ilimwaga maji kutoka kwa tanga, ikanyooka, ikaendelea na safari kama hakuna aliyeiita. Kikombe kimoja tu kilivunjika. Nilikuwa nimesahau kurudisha ule ukingo wa rafu.

Tulirudi. Tulipofunga kamba Thadeus akasema, mkuku huo ni mzazi. Akaenda nyumbani kwa mkewe.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utasema ni yale maji. Na sasa nimejua ungekuwa na sababu ya kusema. Ilikuwa hasira yako ama lilikuwa lile wingu, mimi siwezi kupima. Ninachojua ni kwamba yalikuwa yamemwagwa, vyote viwili ndani kama ulivyosema, na boti ililala, na boti iliinuka. Nimelala ndani yake kila siku tangu hapo.

Kuhusu baba. Sikuwa nimelala. Nilikuwa chini ya blanketi na jicho moja nje. Nilikuona na kikombe, nikamwona amefunga macho. Halafu nilifunga macho yangu pia, kwa sababu yeye alifunga, nikadhani ndivyo inafanywa. Kwa hivyo sikuona mwisho. Mimi pia nimekuwa nikiuliza, ndiyo maana niliuliza siku ya mazishi. Kama nisingefunga macho, usingebeba peke yako.

Alisema utamtasia akirudi, mama. Mbona usimtasie? Alirudi. Yuko hapo nyuma ya nyumba.

Tarehe nane siendi. Nimemwambia Thadeus, na yule mama wa Shimoni nimemwambia pia, amesema atangoja mpaka mwisho wa Machi, baadaye atatafuta boti nyingine. Siku utaichagua wewe. Kama ni kesho, kesho. Kama kaskazi itaisha kabla moyo wako haujatoa, basi kazi hiyo itakwenda na mimi nitabaki nimefunga kamba, nitapaka rangi. Sitaki chupa. Nataka uniambie tu imetoka.

Wako,
Shanice

*

Makwasinyi
Jumamosi, 15 Februari 2025

Shanice mwanangu,

Hii naituma Shimoni kwa yule mama wa wageni, nimemwambia Crispus aandike juu, asifungue mpaka mwenyewe aje. Kwa hivyo kama unaisoma, umefika, na mimi sasa hivi ninavyoandika sijui. Ni ajabu. Wewe unayesoma unajua, mimi ninayeandika ndiye sijui.

Crispus alikupigia kutoka Voi akakuambia siku ya kuondoka ni Jumamosi, lakini hakukuambia ilikuwaje, maana sikumwambia.

Siku tatu nilienda hapo nyuma na kikombe. Siku ya kwanza nilichukua maji, nikasimama kwa babako, na maji yakakataa. Nikameza tena, kama ile siku. Nikarudi ndani nikalala mchana. Siku ya pili nikaona kwanza niseme, halafu nichukue maji. Nikamwambia yote. Nikamwambia gata iliwekwa na fundi wa Rukanga na iliwekwa vibaya, mpaka leo inavuja kwa kona, na kila mvua nikisikia ile kona namkumbuka yeye na namtukana. Nikamwambia, ulinichekea kwa mlango. Nikamwambia, ulikuwa mzuri umefunga macho na mimi nilikuwa na haki ya kukasirika, na ungeishi ningekutasia jioni ya siku uliyorudi, tungemaliza, na tungekasirikiana tena siku nyingine kama watu. Wewe ukaenda na zamu yangu. Nilisema mpaka sauti ikaisha. Mama wa kwaya alipita kwa njia na kuni, akasimama, akaenda bila kusalimia. Yeye ni mtu mwenye akili kuliko anavyoonyesha.

Siku ya tatu nilichukua maji, na yakatoka. Yalitoka kama ya mtoto anayecheza, yakaenda mbali. Upepo ulirudisha kidogo usoni kwangu. Nikasema, Noah, amani. Nikangoja kama moyo utasema kingine. Haukusema. Ndipo nikamwambia Crispus, mpigie.

Na leo asubuhi nimepanda mlima. Magoti yamelalamika mpaka pale bomba linapoanzia, mahali ukungu unashuka na miti ina ndevu. Huko hakuna sauti, ni matone tu. Unatembea na nguo inalowa bila mvua. Nilikuwa nimemtuma Crispus akuambie saa mbili, si ndiyo, na wewe ulimjibu saa mbili utafungua kamba. Nikachota palepale kwenye chemchemi. Maji baridi, meno yanauma. Nikageukia mashariki. Nikapuliza, nikataja wewe, nikataja Thadeus na mke wake, nikataja na boti pia, maana imekuinua, na wale mafundi wa zamani sijui majina yao, nikasema na wao, popote walipo, wasiogope tena, walichoweka kilitosha.

Nilisikiliza. Moyo ulisema aende. Tena ukanyamaza.

Watu wanasema kukiwa na uwazi unaona bahari kutoka huko juu. Ukungu ulifunguka mara moja, kama mtu amevuta pazia na kurudisha. Nikaona tambarare, nikaona mbali kabisa mstari, na juu ya mstari kitu cheupe kidogo. Kinaweza kuwa wingu. Ni mbali sana, najua. Crispus angenicheka. Lakini nilikuwa peke yangu, na hakuna wa kunikataza, nikachagua kuwa ni tanga lako.

Sasa ni mchana. Nimerudi, nimebadilisha nguo, nimeweka beseni mlangoni na kibuyu ndani. Jua limefika kwa maji na ukuta umeanza kutembea. Nimeanza kitako cha kikapu kingine, nimekaza vizuri.

Nimekisukuma kibuyu na kidole, mara moja. Kimelala. Kimeinuka.

Sikukisukuma tena.

Mamako,
Wakesho